Gobori Lenye Mafua

...na kama ni kushika tu, basi ameshika, nani kasema hakushika, mikono yote miwili imeng'ang'ania mdomo wa mtutu kama mtu anayemzuia mbuzi wa Idi asikurupuke, huku yeye Sleiman, mume wake wa ujana na wa uzee, ameinama upande wa pili wa meza na keekee mkononi, ncha ya keekee iko juu ya ile nukta aliyoitia kwa msumari, bado haijazunguka, na anauliza tena, "Umeshika?" na Bi Rahila anajibu tena, "Nimeshika, Baba Maan, au unataka nishike kwa meno?" na macho anayapeleka kwenye pazia, kwa sababu mkono ule wa mumewe ukining'inia hewani namna ile hautazamiki, unatikisika kama kifuniko cha sufuria ya maharage, bora pazia, pazia lina doa la chai aliyomwaga Ruba alipokuwa hajui hata kutembea vizuri, na sasa Ruba anaolewa, Ijumaa ijayo inshallah, mjukuu msomi wa chuo cha Al Khoudh, anaolewa na watu wa Ibra, na ndoa hiyo ndiyo iliyoleta bunduki juu ya meza ya kulia. Ndiyo, bunduki, na wala si bunduki ya maana, gobori, lile la kushindiliwa baruti mdomoni kwa mdeki, la gumegume, la enzi za mababu, limekuja kwa ndege ndani ya boksi, vipande vipande, kama kabati la dukani ambalo mwenyewe ukalifunge nyumbani, na Maan mtoto wao alihangaika na kibali cha polisi akidhani babake anataka pambo la ukutani, hivyo ndivyo Maan alivyo, kila kitu cha babake ni pambo la ukutani, hata babake mwenyewe... na yote kwa neno moja la Bakhit, babake bwana harusi, siku ya posa, wanaume wamekaa majlisi wanakula halwa, Bakhit akasema, kwa Kiarabu, kwa kicheko, "Ami Sleiman, nyinyi watu wa Zanzibar kwa biriani na kofia hatuwawezi, lakini bunduki tuachieni wenyewe, msije mkajipiga miguu," majlisi nzima ikacheka, Sleiman naye akacheka, akacheka mpaka akafuta macho, na waliporudi hapa Mabela, Maskati, hakuvua hata kofia, akakaa na simu yake, akaliagiza. Nusu karne ya kuishi nchi ya babu zao, kafanya kazi serikalini mpaka kastaafu, kanzu yake inapigwa pasi ikasimama peke yake, na bado neno dogo la mtu wa Ibra linampata pale pale. Anataka siku ile wanaume watakapopanga safu ya ngoma ya razha, na panga zao na bunduki zao na mashairi yao, naye asimame kwenye safu, na gobori alilolitengeneza kwa mkono wake, atie baruti, baruti tupu, bila risasi, apige, mlio wende ukagonge mlima urudi. Kwa mkono wake. Ndiyo maneno yake hayo kila siku, kwa mkono wangu, Bi Rahila, kwa mkono wangu.

Mkono wake. Daktari alisema jina la ugonjwa, refu, na yeye Sleiman akalisahau palepale mlangoni kwa makusudi, akapewa dawa anazozimeza kama karanga, na watu wakiuliza anasema ni eisi, baridi ya kiyoyozi hiki, imeingia kwenye mifupa, kikombe kinagonga sahani, eisi, kijiko kinamwaga mchuzi, eisi, juzi kamshika mkono imamu wa msikiti na mikono yote miwili ikawa inatikisika kama wanapigana, "eisi yenu ya msikitini kali mno, sheikh," kha, kiangazi cha Maskati chote kimebebeshwa lawama ya mtu mmoja. Na gobori halijui eisi. Gobori linataka mkono uliotulia. Ule mti wa kitako ulikuja umechongwa nusu, na mtutu unatakiwa ulale ndani ya mfereji wa mti kama mtoto mgongoni, usibaki upenyo, hata wa unywele, na namna ya kuulaza ndiyo hiyo aliyoifundisha mwenyewe siku ya kwanza, kwa fahari: unawasha kibatari, kile alichokitengeneza kwa kopo la nyanya na utambi wa kanga kuukuu, unaupitisha mtutu juu ya moshi mpaka uwe na masizi, unaulaza kwenye mti, unaubana, unauinua, na pale mti ulipokuwa juu mno pamebaki weusi, basi unapitisha patasi hapo tu penye weusi, kiganda chembamba kama cha kitunguu, halafu unatia masizi tena, unalaza tena, unainua tena. "Mti unasema wenyewe unapoumia," alisema Sleiman, na Bi Rahila akamjibu, "Na dari yangu inasema nini?" kwa sababu juu ya meza dari imekwisha kuwa na duara jeusi kama jiko la biashara, na Nabatanzi, binti wa Kiganda anayewasaidia kazi, anapanda ngazi kila asubuhi na kitambaa, anasugua, anaguna kwa lugha ya kwao... na sasa hivi anaita kutoka jikoni, "Mama! Moshi ya Baba imefika huku, hata wali itanukia kama gari!" "Funga mlango!" "Nimefunga, Mama, inapita chini!" "Basi weka tambara!" na Sleiman hainui kichwa, anaimba kwa puani, ana wimbo wake leo tangu asubuhi, mm-mm-mm, anaimba na keekee haizunguki.

Siku ile patasi ilipomteleza Sleiman, Bi Rahila alikuwa jikoni, hakusikia kelele, alisikia kimya, na kimya cha Sleiman anakijua kuliko kelele zake. Alichungulia. Kakaa na mti mapajani, patasi imekula kidonda kirefu ukingoni mwa mfereji, na yeye anakitazama tu, kidole kinapita juu ya kidonda, kinarudi, kinapita, kinarudi. Hakuingia. Mwanamke mwingine angeingia, akasema pole, na pole ingemmaliza. Alingoja wakaswali adhuhuri, wakala, Sleiman akenda kulala usingizi wake wa mchana, ndipo akakaa kwenye meza, kiti hiki hiki, akachanganya gundi na unga wa mti ule ule, akajaza kidonda, akakipangusa, na kwa vile patasi ilikuwa hapo na masizi yalikuwa hapo, akapitisha kidogo, kiganda cha kitunguu, penye weusi tu, na mkono wake wa kushoto ukafurahi, astaghfirullah, ukafurahi kama umeitwa kwao. Kwa kushoto ndiko anakofanya kazi. Chuoni walimchapa, skuli wakamchapa, mwalimu Mzungu na ustadhi hawakupatana kwa jambo jengine lolote duniani isipokuwa hilo, akajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kupa mkono kwa kulia, lakini sindano haijakubali, sindano imebaki kushoto, na kwa kushoto huko kashona kofia za nusu ya wanaume wa mji huu, vitobo kwa vitobo, kimoja kikizidi ukubwa kofia nzima imekwenda, na mtu anayejua kuzungushia uzi kitobo kisichoingia hata punje ya mtama hashindwi na mti. Sleiman alipoamka akautazama mti akasema, "Ah, nlidhani nimekata sana, kumbe kidogo." "Ulikata kidogo tu," akasema yeye. Na tangu siku hiyo ndiyo desturi, Sleiman asubuhi anatia masizi, analaza, anainua, anaguna kama fundi, anasema mchana huu nikiamka nitapapunguza hapa, anakwenda kulala, na Bi Rahila anapapunguza, na akiamka anasema, "Umeona? Mti umejikaza wenyewe kwa baridi," au anasema, "Umeona mkono huu?" na yeye anasema, "Nimeuona." Ulimi wake unaojulikana kutoka hapa mpaka Hamriya, ulimi uliomwambia mke wa waziri kuwa kofia ya mumewe imemzidi kichwa kwa vile kichwa kimepungua, ulimi huo kwa jambo hili moja umekuwa laini kama nta.

Nta... nta iko pindoni. Ameifunga kwenye pindo la kanga, donge dogo la nta ya nyuki, lile analopitishia nyuzi zake za kofia zisikatike, na tangu asubuhi linampiga pajani kila anapokwenda, kwa sababu mti ni jambo moja, mti hauchomi mtu, lakini leo ni kitundu. Mtutu ulikuja mzima, haujatobolewa, na bila kitundu hicho kidogo kando yake, penye kisahani cha baruti, gobori ni bomba la maji tu, gumegume itagonga, cheche zitaangukia kisahani, moto utawaka nje na ndani hautafika. Kitobolewe leo, na Ijumaa mkono ule ule unaomwaga mchuzi utamimina baruti, utamimina kipimo kimoja au viwili au vitatu, nani ajuaye, utie na kisahanini, na uso wa Sleiman uko hapo, shubiri moja, ndevu zake nyeupe na jicho lake moja lililobaki zima baada ya mtoto wa jicho. Amwambie? Amwambie nini, kwamba mti si wewe uliyechonga, mume wangu, ni mimi, huna mkono, acha? Hilo ni kumvua nguo hadharani, hata kama hadhara yenyewe ni Nabatanzi na duara jeusi la dari. Basi akaamua jana wakati anakoroga uji, akaamua kama mtu anavyoamua chumvi: atoboe, afurahi, na asubuhi ya harusi, kabla hawajatia vitu garini, kidonge cha nta ndani ya kitundu, kidogo tu, nani ataona, atapiga, moto utawaka kisahanini, mm, itakataa, bunduki za zamani hukataa, watasema baruti ilipata unyevu, na uso utarudi Mabela mzima. Funika kombe mwanaharamu apite. Alisema hivyo mamaake. Alisema maneno hayo hayo, na vidole vyake vikizungusha nta hii hii... si hii, ile, ya Wete, ya mwaka ule.

Wete, Pemba, mkesha wa Idi, yeye mtoto kasimama mlangoni na kipande cha mkate mkononi, na mamaake kachuchumaa chini ya ukuta ambapo gobori la babaake limetundikwa, anafikicha donge la nta kwa vidole mpaka lilainike, analitia kwenye kitundu, analishindilia kwa kijiti cha ufagio. Mjomba Nasser Idi iliyotangulia aliungua jicho, na babaake Rahila, Mzee Khalfan, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu na hakuna aliyeruhusiwa kulisema, alikuwa akipima baruti kwa kupapasa. "Funika kombe mwanaharamu apite," mamaake akamwambia, "na wewe ukisema ntakukata ulimi," na hakusema, mara yake ya kwanza kutosema. Asubuhi wanaume wakapanga safu kiwanjani, wakaja na ngoma, wakaja na panga, wakafika kwa Mzee Khalfan, akatoka mbele, joho linaburuzika, akaelekeza gobori mbinguni, akafyatua. Cheche, moshi kidogo kisahanini, fyu, basi. Akatia tena. Fyu. Akatia mara ya tatu na watu wamekwisha anza kutazamana, fyu, na hapo mshairi wa razha, mtu mmoja mwembamba mwenye koo la shaba, hakukopesha, akatunga palepale na safu nzima ikampokea:

Gobori limeshikwa na mafua,
lapiga chafya halitopasua.

Idi nzima ikaimba. Watoto wakaimba chini ya dirisha mpaka Idi ya pili, na miongoni mwao, tena mbele, tena kwa sauti ya mbuzi, mtoto wa jirani jina lake Sleiman, na alipokuja kuposa miaka mingapi baadaye, Rahila alimwambia kabla hajakubali, "Kwanza niombe radhi kwa chafya," na akaomba. Lakini hilo la watoto si kitu, watoto huimba. Babaake alirudi nyumbani mchana ule, akakaa kizingitini, akaazima pini ya ushungi, akachokoa kitundu, na kile kidonge cha nta kikatoka kizima, cheusi kwa moshi. Chakula kimeandaliwa, sinia ya pilau, jamaa wameanza kukaa. Akakiweka kidonge kwenye sinia, upande wa mamaake, juu ya wali, kama mtu anavyomwekea mgeni kipande kizuri cha nyama. Akanawa, akala. Na hakumpiga, hakumwacha, hakumtukana, watu walimsifu kwa upole mpaka anakufa, lakini tangu siku hiyo kila alichoambiwa na mkewe alijibu, "Sawa, bibi." Tununue mbuzi au kondoo? Sawa, bibi. Watoto wende skuli? Sawa, bibi. Naumwa kifua. Sawa, bibi. Nyumba nzima ikawa sawa, miaka na miaka ya sawa, hakuuliza tena, hakukataa tena, hakugombana tena, na mamaake, mwanamke aliyekuwa akigombana na mumewe kwa raha kama watu wanaocheza bao, akazeeka kwa sawa... na jicho la babaake lilikuwa zima. Hilo nalo liwekwe mezani. Jicho lilikuwa zima mpaka kaburini, mama alishinda. Alishinda nini?

Mlango unasukumwa kwa kiuno, Nabatanzi anaingia na trei ya chai na kitambaa begani, "Samahani, napitisha, samahani Baba, hii ya Baba nusu kikombe kama alisema isimwagike, hii ya Mama," anatafuta pa kuweka, anasogeza tupa, anasogeza msasa, anasogeza kopo la mafuta ya kitako, anafika kwenye patasi ndogo, mkono unasimama hewani, "Hiyo siigusi, Baba alisema ikae hapo hapo kushoto, juzi aliniharibia siku nzima kwa sababu ya hiyo," anaweka trei ukingoni, "khalas, mimi nimenyamaza," anakwenda zake, mlango unajifunga, na Sleiman anakohoa kikohozi ambacho hakina kohozi. Kushoto... Bi Rahila anatazama patasi. Kila kitu cha Sleiman kiko kulia, tupa kulia, nyundo kulia, miwani kulia, vimepangwa kama kabati la mtu nadhifu, na patasi peke yake iko kushoto, tena si kushoto kwake yeye, kushoto kwa kiti hiki, mpini umeelekezwa kwenye kiti hiki. Tangu lini? Na mpini umezungushiwa kitambaa. Alikiona kitambaa zamani, alidhani ni cha jasho, mzee kazungushia kitambaa patasi yake isimteleze, basi, lakini vidole vya Sleiman ni virefu, mpini mwembamba haumsumbui, wanaosumbuliwa na mpini mwembamba ni wenye baridi yabisi, ni vidole hivi vyake yeye vyenye vifundo kama tangawizi, na kitambaa chenyewe, kha, kitambaa ni kanga yake mwenyewe ile ya korosho aliyoitafuta akasema imeibiwa kambani. Kazungushia. Kwa mkono ule. Imemchukua muda gani, na mkono ule, kuzungusha kitambaa na kukifunga fundo dogo namna ile, na mti... mtu gani anatia masizi, anaona weusi ulipo, halafu anauacha mti na weusi wake anakwenda kulala? Fundi gani huyo? Fundi akiona weusi mkono unamwasha. Kidonda kirefu kama kidole, mtu akiamka kakikuta kimejaa gundi, anaamini kuwa alikata kidogo? Sleiman, aliyekaa serikalini umri wote akigundua mhuri wa uongo kwa kunusa? Basi alikuwa halali. Alikuwa amelala chali chumbani, macho kwenye dari, anasikiliza patasi, kru, kru, kru, anaisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua, na akitoka anasema mti umejikaza wenyewe kwa baridi, na yeye mwerevu, yeye mwenye ulimi, anajibu nimeuona mkono, nimeuona... Nani alikuwa anamfichia nani? Mikono miwili imekaa pande mbili za mti mmoja na kila mmoja anajidai hamwoni mwenzake.

Na ule wimbo. Anaimba tena, kwa puani, ameinama, ncha ya keekee kwenye nukta, mm-mm mm-mm-mm mm-mm mafua, na sasa anausikia, tangu asubuhi unaimbwa masikioni mwake na hakuusikia, lapiga chafya, ni ule, ni ule ule wa chini ya dirisha, na kisa cha nta ya Wete kamsimulia yeye mwenyewe, na pajani pindo la kanga limekuwa zito kama jiwe la mizani. Anajua. Kamwona akichukua donge kwenye kikapu cha nyuzi, au hakumwona, kamjua tu, umri wote huu kitanda kimoja, mtu hahitaji kuona. Anajua na anatoboa vivyo hivyo. Anajua na hakusema, kama yeye asivyosema kuhusu mkono, na Ijumaa atasimama kwenye safu mbele ya Bakhit na ukoo wa Bakhit, atafyatua huku anajua haitapasua, fyu, atakubali aibu yake kwa adabu, kwa ajili ya nani, kwa ajili yake yeye Rahila, asije akamfedhehesha, halafu atarudi Mabela, atanawa, atakula, na siku moja atamuuliza tufungue eisi au tuzime, naye atasema sawa, bibi. Sauti ile anaisikia mdomoni mwa Sleiman kabla hajaisema. Bora aungue ndevu. La, asiungue, nani kasema aungue... lakini si hivi, si kwa kitundu, Bi Rahila hakupewa ulimi huu wa kukatia watu kofia ili uje ulale siku inayotakiwa.

Anaachia mtutu mkono mmoja, wa kushoto. "Usiachie," anasema Sleiman. "Sijaachia," anasema, na analifungua pindo, fundo ni gumu, anatumia ukucha, anatoa donge la nta, lina joto la paja, na analiweka mezani, mbele yake, pale mwanga wa dirisha unapopiga, kati ya keekee na kikombe cha nusu. "Nini hiyo?" anauliza Sleiman, na sauti haina swali ndani yake. "Nta." "Ya nini?" "Ya kuzibia hicho unachokitoboa. Nlitaka nikuzibie upige chafya kama baba." Anamalizia, kwa sababu kisu kikishaingia hakiachwi katikati, "Mkono wako unatetemeka, Baba Maan, na si eisi." Basi. Limesemwa. Nyumba haikuanguka, dari na duara lake iko juu, eisi inaendelea kuguruma bila kujua kuwa imeachiwa huru, na Bi Rahila anangoja, anangoja lile neno kama mtu anavyongoja kofi, uso ameukaza. Sleiman anaitazama nta. "Na mti," anasema, "mti kachonga nani?" "Unajua nani kachonga." "Najua. Huku chini umepapunja." "Nimepapunja? Macho yako ndiyo yamepunjika, mti uko kama umemwagwa kwa maji." "Umepapunja, Bi Rahila, kidole kinapita." "Kidole chako kinapita popote, kinatikisika," na hapo Sleiman anacheka, hasa, kicheko kile cha mtoto wa sauti ya mbuzi, na mabega yanatikisika pamoja na mkono, mkono haujulikani tena upi ugonjwa upi kicheko, na analichukua donge, linamponyoka, analichukua tena, analisugua kwenye ncha ya keekee, polepole, pande zote. "Chuma kinapenda nta," anasema, "hukujua?" "Ijumaa utalibeba," anasema yeye, "kwenye safu, na joho lako, na kofia niliyokushonea. Kupiga atapiga Maan. Na ukijaribu kupiga ntakwambia mbele ya Bakhit na ukoo wake mzima." "Kwa Kiarabu au kwa Kiswahili?" "Kwa vyote viwili." "Tutaona," anasema Sleiman. Tutaona. Hakusema sawa. Kasema tutaona, neno la mtu anayekusudia kugombana, leo na kesho na njiani mpaka Ibra na kurudi, na Bi Rahila anahisi kifua kinafunguka kama dirisha lililopakwa rangi likashikana likapigwa teke, tutaona, haya, tutaona, ana maneno ya kutosha, hajayatumia hata nusu. Anarudisha mkono wa kushoto kwenye mtutu, vidole vina masizi, anabana. Ncha ya keekee inatafuta nukta, inakosa, inatafuta, inaipata, ina nta, inang'aa, bado haijazunguka. "Umeshika?" anauliza Sleiman. "Nimeshika," anasema, na safari hii hatazami pazia, anautazama mkono.